Roshani Yangu Haivuji

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza ya likizo. Siku ishirini na nane, zote zangu. Nimechukua daftari hili kubwa kutoka ofisini, lilikuwa limekaa tu, ili niandike kila hatua ya maendeleo nyumbani. Karani wa masjala asiyejiwekea kumbukumbu ni sawa na kinyozi mwenye nywele matimutimu.

Nilipanga kuanza na mapumziko. Haikuwezekana. Saa nne asubuhi mvua ikanyesha, na saa nne na robo mke wangu akaniita kutoka barazani. Aliniita "mume wangu". Akiniita hivyo, kwa kirefu, najua kuna jambo.

Tone la maji lilikuwa limeangukia cherehani. Jingine likafuata huku natazama. Mke wangu hushonea barazani kwa sababu ya mwanga, na juu ya baraza ndipo ilipo roshani yangu, niliyoijenga mwaka jana kwa akili yangu mwenyewe. Nilisimamia mafundi wawili wiki tatu. Niliwakataza kuweka mteremko. Sakafu ni sakafu, si mlima. Kaka yake mke wangu, yaani shemeji, alikuja siku ya kumalizia, akatazama, akasema nimejenga beseni. Tangu hapo ananiita Injinia. Si kwa heshima.

Nikamweleza mke wangu kwamba haya si mavujo. Ni jasho la saruji. Saruji changa hutoa jasho. Akauliza mbona jasho lenyewe lina rangi ya kutu. Nikalifuta tone kwa kiganja.

Ndipo akasema. Jumamosi ya tarehe 23 bibi harusi anakuja na shangazi yake kuchukua gauni. Gauni jeupe, mita kumi na mbili za kitambaa. Likiguswa na tone moja tu, yeye anahamishia cherehani barazani kwa shemeji. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikata uzi kwa meno. Sauti hiyo ndiyo ninayoiogopa.

Sikumwambia, lakini hapa naweza kuandika. Nyumba hii bila mlio wa ile cherehani sitaiweza. Nimeusikia miaka kumi na tisa. Siku nyingine ofisini nauwaza mpaka nakosea kupanga mafaili.

Fundi hahitajiki. Kumwita fundi ni kukiri kwamba shemeji alisema kweli.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza kwa sayansi. Ukitaka kujua sakafu inaelekea wapi, weka chungwa katikati ulitazame.

Chungwa lilitulia kidogo, kisha likaanza safari. Taratibu, bila wasiwasi, likaenda kugonga mlango wa chumba chetu cha kulala. Nikasema chungwa hili si duara kamili. Nikalila. Nikatafuta gololi sita zilizobaki tangu mtoto wetu alipokuwa mdogo, nikaziachia moja moja. Zote sita mlangoni, zimepangana kama watu wa foleni. Hata moja haikujaribu kwenda kwenye tundu la kutolea maji, ambalo liko upande wa pili kabisa.

Matokeo: mteremko upo. Ila umekosea njia.

Mchana shemeji akapiga simu. Habari zimeshamfikia, na najua zimepitia wapi. Akauliza Injinia, beseni linasemaje. Nikamjibu, bila kusema uongo hata chembe, kwamba leo nimethibitisha sakafu ina mteremko.  Akasema mficha uchi hazai, nimtafute fundi mapema. Nikamwambia nashukuru kwa wosia.

Nilikuwa na furaha mpaka saa kumi. Saa kumi mvua ikanyesha tena.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua ndoo ya lami. Muuza vifaa vya ujenzi alinipa masharti matatu: sakafu iwe safi, iwe kavu, na ikishapakwa isiguswe siku tatu. Usafi ni rahisi, nilifagia. Ukavu ndio ulionitesa, maana hewa yenyewe ilikuwa mbichi. Nilisugua kwa matambara. Nilipepea kwa gazeti. Hakuna kitu.

Kisha wazo likaja lenyewe. Ni kitu gani katika nyumba hii kinachokausha nguo mbichi kwa dakika mbili? Mke wangu alikuwa amekwenda kununua vifungo. Nimeipiga pasi roshani nzima. Nilianzia mlangoni, nikaenda mstari kwa mstari, na mvuke ulitoka vizuri sana. Jirani wa ng'ambo alifungua dirisha, akatazama, akalifunga.

Baadaye nikapaka lami kwenye nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimeziba nyufa kumi na saba. Kosa moja dogo. Ufa wa tisa niliuona una unyevu nilipokwisha kuupaka, nikaupitishia pasi kidogo tu. Nimeisugua pasi kwa mafuta ya taa na kuirudisha mahali pake. Haionekani kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Inaonekana. Sketi ya mwalimu mkuu, mteja wa mke wangu, ya rangi ya maziwa, ina alama nyeusi yenye umbo la pasi, tena mahali anapokalia. Mke wangu hakugomba. Aliinusa pasi, akaninusa mimi, akatoka kwenda kutafuta kitambaa kingine cha rangi ileile.

 Nimepanda kuikagua lami mara tisa. Kila nikiigusa, inaacha alama ya kidole. Najua sharti lilikuwa isiguswe, lakini nitajuaje imekauka nisipoigusa?

Jumamosi, 9 Machi

Mvua kubwa. Lami haikuwa imekauka. Sasa matone yanayoanguka barazani ni meusi.

Nikakaa kwenye ngazi, nikafikiri. Tatizo ni nini hasa? Si kwamba maji yanapenya. Tatizo ni kwamba yanaonekana yakipenya. Nikachukua turubai la buluu, nikalikaza chini ya dari ya baraza kwa misumari na kamba, kona hadi kona. Likapendeza. Mke wangu aliporudi nilimwambia nimeona baraza la fundi cherehani wa hadhi yake linahitaji dari nzuri. Alitazama muda mrefu. Akasema ahsante. Aliposema vile nikajisikia vibaya, nikaenda kuosha vyombo bila kuombwa.

Jioni turubai lilikuwa limeshuka kidogo katikati. Si sana. Mtu asiyetafuta kasoro hawezi kuona.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji ni mtu wa kutafuta kasoro.

Alikuja saa tano akiwa na suti yake ya kijivu na mwavuli. Wakati huo turubai lilikuwa limetoa kitambi. Nilikuwa nimekisogeza kiti changu mwenyewe chini yake, ili mtu mwingine asikae pale. Shemeji akakalia kiti changu. Akatazama juu. Mke wangu, na hili ndilo linaloniuma, akamwambia kwa fahari kwamba ni kazi ya mume wake. Shemeji akauliza Injinia, dari hii mbona imeshiba. Akainua mwavuli ili aibonyeze kwa ncha.

Nilikuwa na nafasi ya kumwonya. Sekunde mbili, labda tatu. Nakiri kwa daftari hili tu.

Maji yaliyomwagika yalikuwa meusi na ya baridi. Yalimwingia mpaka kwenye soksi. Alibaki amekaa, mwavuli bado uko juu, umefungwa. Furaha yangu ilidumu kama dakika moja. Kisha nikamwona mke wangu anaitazama dari halisi, jinsi ilivyochirizika lami, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alionekana mtu aliyechoka. Alimpa kaka yake taulo. Halafu akamwomba namba ya fundi wake.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi amekuja. Mtu mrefu, hasemi. Nimempa jina Fundi Kimya.

Nilikuwa nimeandaa hoja zangu kwenye karatasi. Hakuuliza hoja. Aliomba kikombe cha maji, akakimwaga katikati ya roshani, tukasimama watatu tukiyatazama maji yakienda mlangoni kwetu. Kisha akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo, huku na huku, akasikiliza. Akamgeukia mke wangu, si mimi, akasema kwamba hapa pamejengwa beseni.

Beseni! Neno lilelile la shemeji. Kikulacho ki nguoni mwako. Hawa wawili wamepanga.

Mke wangu ametoa amri. Mlango wa roshani umefungwa na mimi sitakanyaga huko mpaka kazi iishe. Ufunguo ameutunga kwenye utepe wake wa kupimia, ambao hauvui shingoni toka asubuhi mpaka anapolala. Nikauliza nyumba ni ya nani. Akasema ni yetu, na ndiyo maana anaifunga.

Alhamisi, 14 Machi

Siku nne za kusikiliza. Kwanza alivunja sakafu ya juu. Kila pigo nililisikia kifuani. Kisha akaleta mchanga na saruji, akatandaza upya, nene upande wa mlango na nyembamba kuelekea tundu. Nimeyajua hayo kwa kusimama uani juu ya kiti nikichungulia.

Nilimpa ushauri mara kadhaa kwa kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Hakujibu. Mara moja alijibu kwa kugonga pia, pigo moja. Sikujua maana yake.

Fundi Kimya amesema sakafu ikomae siku kadhaa kabla ya kupakwa chochote. Siku kadhaa! Leo tarehe 14, gauni linachukuliwa tarehe 23, na yeye anasubiri saruji ikomae kama anayesubiri mtoto amalize shule. Mke wangu anashonea sebuleni kwa sasa, gizani, macho yamemwiva. Ananiambia nitulie. Nimejaribu kutulia jana na leo asubuhi.

Jumatano, 20 Machi

Anasema amemaliza. Amepaka dawa nzito, ikikauka inakuwa kama mpira, tabaka tatu, na kati ya tabaka ametandaza kitambaa chepesi cha nyavu. Amepandisha mpaka ukutani urefu wa kiganja, kuzunguka pande zote. Lazima niwe mkweli, kwa mbali inapendeza.

Alipokuwa anashuka na vyombo vyake alisimama mbele yangu akaanza kunieleza kitu. Kitu kuhusu maji na siku mbili, na tundu. Ni mara ya kwanza kunisemesha moja kwa moja tangu aje, na akachagua kunisemesha kama mwanafunzi. Nikamkatiza. Nikamweleza historia ya roshani hii, na kwa nini nilikataa mteremko, na kwamba mimi masjala yangu ina mafaili elfu nne na najua mpangilio ni nini. Nilizungumza vizuri. Alisubiri mpaka nikamaliza, akauliza tumeelewana? Nikasema tumeelewana kabisa.

Akaondoka. Mlango umefungwa bado. Sijui kwa nini umefungwa kama kazi imeisha.

Ijumaa, 22 Machi

 Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi mke wangu alirudisha cherehani barazani. Alikuwa anaitazama dari tangu juzi na aliona ni kavu kama karatasi. Akaivalisha sanamu yake ya kupimia nguo gauni la bibi harusi, akaisimamisha katikati ya baraza penye mwanga, akakaa kumalizia pindo. Mlio ukaanza. Nilisimama jikoni nikausikiliza, nikaona dunia imerudi mahali pake.

Ningeishia hapo. Ila nikamwomba ufunguo nikaone tu. Akasema roshani haiguswi mpaka fundi aje saa kumi na moja. Nikauliza kwa nini. Akanitazama. Akasema fundi si alinieleza mwenyewe juzi? Nikasema ndiyo, ndiyo, nimekumbuka.

Sikuwa nimekumbuka kitu. Wasiwasi ukanipanda. Saa nane nikaegemeza ngazi ubavuni mwa nyumba, nikapanda nichungulie.

Roshani ilikuwa bwawa! Mvua haikuwa imenyesha siku tatu, na maji yalikuwa yamejaa mpaka robo ya kiganja kutoka kizingitini. Nikatazama tundu la kutolea maji. Limezibwa. Kigingi cha mti kimeviringishiwa kipande cha mpira na kushindiliwa ndani. Mtu amefanya kwa makusudi. Nikaelewa yote kwa mara moja: beseni. Waliniambia beseni, na sasa wamelijaza ili shemeji aje jioni aonyeshwe.

Hapo bado nilikuwa na hasira tu. Kilichofuata ni hofu. Nilipiga hesabu, nikapata kama ndoo arobaini za maji, zote juu ya kichwa cha mke wangu. Na mimi najua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Mwaka jana niliwaambia wale mafundi wapunguze unene wa zege, ili roshani ionekane nyepesi kwa mbele. Nilimsikia chini akishona. Alikuwa anaimba kidogo, kama anavyofanya kazi inapokaribia kwisha.

Nikashuka, nikachukua nyundo, koleo na kipande cha nondo, nikarudi juu, nikaingia majini. Nikavuta kigingi kwa mikono. Nikakivuta kwa koleo. Nikajaribu, niandike ukweli, kwa meno. Kilikuwa kimevimba. Sikutaka kumwita, asije akaogopa. Nikaamua kutoboa tundu dogo la dharura pale pembeni, mahali ambapo chini yake ni maua, si baraza. Nikahesabu hatua kutoka ukutani. Nilihesabu kutoka ukuta usio wenyewe.

Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, dawa ya Fundi Kimya ikapasuka. La tatu, nondo ikazama yote, nikabaki nimeshika nyundo.

Maji yakaanza kuzunguka. Chini cherehani ikanyamaza. Kisha nikasikia, bila kelele, "Mume wangu."

Niliteremka ngazi sijui vipi. Mke wangu alikuwa amesimama, mikono imeinuliwa kidogo, analoa. Maji yalishuka kwa bomba moja nene miguuni pa sanamu, yakiwa yamebeba vumbi la saruji na lami ya zamani, na gauni lilikuwa jeupe juu, la kahawia kuanzia vifundoni. Nondo ilikuwa imeanguka sakafuni. Hatua moja kutoka alipokuwa amekaa. Hatua moja. Nilitazama ile nondo, nikakaa kwenye maji. Yeye alidhani nimeumia. Alinishika kichwa, akakigeuza huku na huku, alipoona ni kizima akakiachia.

Saa kumi na moja Fundi Kimya akafika. Akatazama juu. Akatazama chini. Akakaa kwenye ngazi ya baraza na kusema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema katika nyumba hii: kwamba kigingi alikiweka yeye, kwamba maji aliyajaza yeye, kwamba fundi yeyote wa kweli akimaliza huziba tundu, hujaza maji na kuyaacha siku mbili aone kama yatapenya, kwamba siku mbili zilikuwa zinaisha leo saa hii na halikupita hata tone, na kwamba alinieleza.

Nikasema angenieleza vizuri zaidi.

Jumamosi, 23 Machi

Mke wangu alianza kazi alfajiri. Alikata sehemu yote iliyochafuka, akashona pindo jipya. Gauni lililokuwa linafagia sakafu sasa linaishia kwenye vifundo vya miguu.  Nilimshikia pini. Zilikuwa hamsini na mbili.

Bibi harusi na shangazi yake walifika saa tano. Shangazi alivuta midomo akauliza kitambaa kingine kimekwenda wapi. Mke wangu hakunitaja, alisema tu palitokea ajali ya maji na kwamba kosa ni lake kwa kuwa nguo ilikuwa mikononi mwake. Mimi nikainama kuokota pini.  Bibi harusi akajigeuza mara tatu mbele ya kioo, akasema afadhali, sasa atacheza bila watu kumkanyaga nyuma, na viatu vyake vitaonekana.

Walipoondoka alikaa chini na kufunga macho. Sikuona kama ni wakati wa kumkumbusha, lakini kumbukumbu ziwe sahihi: wazo la kufupisha, ukilifuatilia mpaka chanzo, ni langu.

Jumapili, 24 Machi

Cherehani imehama. Shemeji alikuja na gari. Hakuniita Injinia hata mara moja, na hilo liliniumiza kuliko kama angeniita. Tuliibeba pamoja, yeye upande wa gurudumu, mimi upande wa kanyagio.

Nikamuuliza mke wangu kama ananiacha. Akasema nisiwe mjinga, jioni atakuwa anarudi kula na kulala hapa kama kawaida. Mume hajaachwa. Baraza ndilo lililoachwa. Nikauliza mpaka lini. Akanijibu, na naandika maneno yake kama yalivyo: "Siku utakayorudi kazini, siku hiyohiyo cherehani inarudi hapa. Siwezi kushona chini ya mtu mwenye likizo."

Maneno ya uchungu. Namjua. Anachotaka ni kuona juhudi.

Jumatano, 27 Machi

Juzi Fundi Kimya aliziba tundu langu na kupaka upya. Leo asubuhi akajaza maji, akapigilia kigingi. Safari hii alinifanya nirudie maneno yake yote kama kiapo, mke wangu akiwa shahidi.

Nimekaa barazani tangu saa tatu, nikitazama dari, mikono juu ya magoti. Haivuji. Haitoi hata jasho. Ni mahali pakavu kuliko pote katika nyumba hii na hakuna mtu. Mchana nilijikuta nasubiri tone lianguke, angalau kisikike kitu.

Zimebaki siku tano za likizo. Siwezi kukaa bure siku tano nikiwa na deni la moyo kubwa hivi.

Ijumaa, 29 Machi

Mambo yamekaa sawa! Naandika kwa haraka maana nina maandalizi.

Jana nilikwenda kwa shemeji kumpelekea mke wangu miwani aliyoisahau. Mlio wa cherehani niliusikia nikiwa bado getini. Nikakaa naye kidogo, akanikaribisha vizuri, hata alicheka nilipomweleza nilivyopika. Akasema Jumatatu si mbali. Nikamwambia kweli si mbali. Wakati huo nilikuwa nimetazama juu, kwa mazoea tu, na nikauona.

Ufa! Mwembamba kama unywele, kutoka kwenye nguzo mpaka katikati ya dari. Juu ya baraza la shemeji pia kuna roshani. Yeye mwenyewe hajui. Mtu aliyeniita Injinia mwaka mzima anamkalisha dada yake chini ya ufa! Mfukoni nilikuwa na gololi moja. Nilipopanda kwa kisingizio cha kunawa mikono, niliiachia. Ikaenda moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji, jambo ambalo kitaalamu ni la kutilia shaka sana. Mteremko mkali namna hiyo hauwezi kuwa wa kawaida.

Jumatatu shemeji anasafiri kwa wiki nzima. Nimebakiwa na nusu ndoo ya lami. Nondo Fundi Kimya aliirudisha, ameifuta vizuri. Pasi ipo.

Kilichobaki kilikuwa muda tu, kwa kuwa Jumatatu hiyohiyo nilitakiwa kurudi ofisini. Leo asubuhi nikaenda kwa mkuu wangu, nikamwomba wiki mbili zaidi kwa sababu za kifamilia. Nilitegemea vita. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Akasema masjala imetulia sana mwezi huu, hakuna faili hata moja lililopotea, na nikitaka mwezi nichukue mwezi. Nimechukua mwezi.

Kwa hiyo Jumatatu saa tatu, kwa shemeji, mke wangu chini anashona, mimi juu naziba. Sijamwambia. Nataka nimshtukize.